Tawi la chama cha madaktari wa mifugo: kazi yake ni nini, na wewe unaingiaje?

Dakika chache kabla hatujaingia hewani na kipindi cha mifugo, mama mmoja kutoka upande wa Njoro alitupigia simu. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa amezaa jioni ya jana yake. Asubuhi akamkuta amelala, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi, hawezi kusimama. Mama akampigia "daktari". Daktari akafika na pikipiki, akafungua mkoba, akadunga sindano mbili za antibiotiki, akapokea shilingi elfu mbili kwa M-Pesa, akasema kufikia jioni ng'ombe atakuwa amesimama. Hakusimama. Usiku huo akafa.

"Mtangazaji," mama akatuuliza, "huyu mtu sasa nimpeleke kwa nani?"

Siku hiyo tulikuwa na daktari wa mifugo studioni. Alieleza kwamba dalili hizo, kwa ng'ombe wa maziwa mengi aliyezaa karibuni, kwa kawaida ni za homa ya maziwa. Jina linapotosha kidogo, kwa sababu mwili wa ng'ombe hauwi na joto. Kinachotokea ni kwamba madini ya kalsiamu yanapungua ghafla kwenye damu maziwa yanapoanza kutoka kwa wingi. Dawa yake ni kalsiamu, inayotiwa polepole kwenye mshipa na mtu anayejua kazi hiyo, na ng'ombe wengi wakiwahiwa husimama muda si mrefu. Antibiotiki haitibu homa ya maziwa.

Baada ya hapo ujumbe ulimiminika. Mmoja alisema mama aende kwa chifu. Mwingine akasema polisi. Mwingine akasema, "Aende kwa chama cha madaktari wa mifugo, kina tawi hapa kwetu." Mara moja mwingine akajibu, "Chama kipi hicho? Nimefuga miaka ishirini sijawahi kukisikia."

Ujumbe huo wa mwisho ndio uliotufanya tuandike makala haya. Tawi la chama likiwa hai, mfugaji anaonja matunda yake hata kama hajui jina lake. Likiwa limelala, anayelipa gharama ni mfugaji yule yule.

KILA MWENYE SINDANO HUITWA DAKTARI

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo wengi hukanganyika. Vijijini kwetu, anayetibu ng'ombe huitwa daktari. Anayeuza dawa kwenye agroveti huitwa daktari. Anayepandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija naye huitwa daktari. Ni heshima tu, na hakuna ubaya wa kumheshimu mtu. Lakini sheria haiwaweki wote kwenye kapu moja.

Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayohusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao. Kwa sheria hiyo, daktari wa mifugo ni mtu mwenye shahada ya udaktari wa mifugo ambaye amesajiliwa. Shahada hiyo hutolewa, kwa mfano, na Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, na Chuo Kikuu cha Egerton hapa Njoro. Chini yake kuna wasaidizi wa afya ya mifugo, wenye cheti au diploma kutoka vyuo kama vile vya AHITI vilivyoko Kabete, Nyahururu na Ndomba. Hawa ni wataalamu halali, na ndio wanaotufikia wengi wetu vijijini. Nao pia husajiliwa, na wana mipaka ya kazi wanazoruhusiwa kufanya. Hata mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija anatakiwa kuwa na kibali chake.

Halafu kuna kundi la tatu, ambalo halimo kwenye sheria: mtu aliyewahi kumshikia daktari mkoba, au aliyekaa dukani mwaka mmoja, akanunua bomba la sindano akaanza biashara. Huyu ndiye aliyefika kwa yule mama.

MILANGO MITATU, USIICHANGANYE

Mfugaji mwenye shida ana milango mitatu mbele yake. Kila mmoja una kazi yake, na ukibisha usiofaa utazungushwa hadi uchoke.

Mlango wa kwanza ni kaunti. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, huduma za mifugo mashinani ziko mikononi mwao. Daktari wa mifugo wa kaunti ndogo, afisa wa mifugo wa wadi, kampeni za chanjo, ukaguzi wa nyama, kufungwa kwa soko la mifugo ugonjwa unapotokea: hayo yote ni ya kaunti. Ukiona mifugo inakufa kwa njia usiyoielewa, hapa ndipo pa kupiga simu kwanza.

Mlango wa pili ni Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, inayojulikana kwa kifupi kama KVB. Bodi hii iko kisheria. Ndiyo inayosajili madaktari na wasaidizi, ndiyo inayotoa leseni ambayo hufanywa upya kila mwaka, na ndiyo yenye nguvu ya kumwadhibu mtaalamu aliyekosea au kumfutia usajili. Kufanya kazi ya udaktari wa mifugo bila usajili ni kosa la jinai, kwa hiyo polisi nao wanaingia hapo. Jibu la swali la mama yetu liko kwenye mlango huu.

Mlango wa tatu ni chama chenyewe: Chama cha Madaktari wa Mifugo Kenya, ambacho wengi hukiita KVA. Hiki si ofisi ya serikali. Ni muungano wa hiari wa madaktari wa mifugo: wa serikalini, wa kibinafsi, walimu wa vyuo, watafiti, wanaofanya kazi kwenye kampuni za dawa na wanaotibu wanyamapori. Kina ofisi ya kitaifa, na kina matawi ya maeneo, kama vile Pwani, Nyanza, Mlima Kenya na huku kwetu Bonde la Ufa. Kila tawi huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ambao huchaguliwa na wanachama.

Kwa kifupi, kaunti hutoa huduma, Bodi hushika kiboko, na chama huwakutanisha wataalamu. Chama hakiwezi kumfunga mtu, hakiwezi kumnyang'anya leseni, na hakina gari la kuja kwako usiku. Basi kina faida gani?

DAKTARI ALIYE PEKE YAKE

Fikiria daktari mmoja aliyepewa kaunti ndogo nzima. Asubuhi yuko kichinjioni, mchana yuko kwenye boma la mbali ambako ng'ombe ameshindwa kuzaa, jioni anaandika ripoti. Alimaliza chuo miaka kumi na miwili iliyopita. Dawa zimebadilika, magonjwa yamehama maeneo, na dawa ya kupe aliyoiamini zamani kupe sasa wameizoea. Nani atamwambia? Hana mwenzake wa kumuuliza wadi nzima. Taratibu anarudi kwenye yale anayoyakumbuka, na yale anayoyakumbuka yanapungua.

Tawi lipo kwa ajili ya mtu kama huyo. Madaktari wanapokutana, mmoja huleta kisa kilichomshinda, mwingine akasema hata mimi nimekiona, wa tatu akaeleza alivyokitibu. Mwalimu wa chuo huleta matokeo ya utafiti. Anayefanya kazi maabara hueleza sampuli ichukuliwe vipi ili isifike imeoza. Sisi wa Bonde la Ufa tuna bahati ya kuwa na maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo papa hapa Nakuru, lakini maabara haina faida ikiwa daktari wa mashinani hajazoea kuitumia.

Kuna sababu nyingine inayowavuta madaktari kwenye mikutano hii. Ili leseni ifanywe upya, Bodi humtaka mtaalamu aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza, na masomo hayo huhesabiwa kwa pointi. Mafunzo na makongamano ya chama ni mojawapo ya mahali pa kupata pointi hizo. Kwa hiyo tawi linaloandaa mafunzo karibu na mashinani humwokolea daktari nauli ya Nairobi, na hukuokolea wewe siku mbili za kukaa bila daktari.

UGONJWA HAUJUI UA

Eneo hili linajua vizuri kwa nini wataalamu wanapaswa kuketi meza moja. Homa ya Bonde la Ufa, inayoua wana-kondoo na kuharibu mimba za mifugo na ambayo huambukiza hata binadamu, ilipata jina lake hapa. Ilichunguzwa na kutambuliwa kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mvua kubwa zikinyesha na mafuriko yakatuama, mbu huzaliana, na ugonjwa hurudi.

Ulirudi kwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2006 hadi 2007, ukaanzia upande wa Garissa, na ukaua zaidi ya watu 100 nchini. Wataalamu waliochunguza mlipuko ule baadaye waligundua jambo la kutufunza: wafugaji walikuwa wameona dalili mapema, kondoo na mbuzi wakitupa mimba kwa wingi, kabla ya huduma rasmi kufika. Habari ilikuwepo malishoni, ila ilichelewa kufika ofisini.

Chukua pia kimeta. Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati wengi katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Ndani ya ua wa mbuga, mnyama ni wa daktari wa wanyamapori. Nje ya ua, ng'ombe ni wa daktari wa kaunti au wa kibinafsi. Mtu akila nyama ya mzoga, anakuwa wa daktari wa hospitali. Kimeta hakijui mipaka hiyo. Kama madaktari hawa hawafahamiani, kila mmoja atangoja barua rasmi. Kama huketi pamoja kwenye tawi, mmoja atainua simu na kusema, "Ndugu yangu, huku kwangu kuna jambo, angalia upande wako."

Simu hiyo moja ndiyo faida kubwa ya tawi, hata kama haiandikwi kwenye ripoti yoyote.

KAMA WEWE NI DAKTARI NA UNASOMA HAYA

Tunajua baadhi ya wasikilizaji wetu ni madaktari wa mifugo, na wengine wenu mko mbali na lami. Wengi tukizungumza nanyi nje ya kipindi husema hivi: "Chama ni cha watu wa Nairobi." Au, "Mikutano huwa mjini, nikienda nani atabaki?" Malalamiko hayo si ya bure. Lakini tawi huwa mali ya wale wanaofika. Wakifika watano wa mjini, litakuwa la mjini.

Kuingia si kugumu. Kwanza uwe umesajiliwa na Bodi. Pili, ujaze fomu ya uanachama na ulipe ada ya kujiunga na ya kila mwaka. Uliza kiwango cha mwaka huu kwa katibu au mweka hazina wa tawi, na lipia kwenye akaunti ya chama, si kwenye simu ya mtu binafsi. Tatu, jiandikishe kwenye tawi la eneo unalofanyia kazi, hata kama nyumbani kwenu ni kwingine, kwa kuwa wagonjwa wako wako hapo.

Baada ya hapo usingoje uchaguzi. Omba kazi moja ndogo ya tawi na uifanye. Andika kumbukumbu za mkutano. Pokea wanafunzi wa mazoezi. Jitolee kwenda shule moja kuzungumza kuhusu kichaa cha mbwa. Omba mkutano mmoja kwa mwaka ufanyike kwenye kaunti ndogo yako badala ya mjini, na utafute ukumbi wa ushirika au wa kanisa usio na gharama. Njoo hapa studioni, hatulipishi. Ukishafanya kazi kama hizo mwaka mzima, wenzako watakujua, na siku ya uchaguzi hutahitaji kujieleza sana.

Kwa wale wenye cheti na diploma: KVA ni chama cha madaktari wenye shahada, na nyinyi mna vyama vyenu. Hatutaficha kwamba kuna mvutano wa miaka mingi kati ya pande hizi mbili kuhusu nani afanye kazi gani. Kila upande una hoja zake, na si kazi yetu kuamua. Ila mfugaji mwenye ng'ombe anayekufa hana faida na mvutano huo. Mahali ambapo daktari na wasaidizi wake wanaitana kwenye mafunzo ya pamoja, msaidizi anajua mapema ni kisa gani cha kumpigia daktari simu, na daktari anajua ni nani wa kumtegemea kwenye wadi ya mbali. Kwa hiyo ukisikia tawi limeandaa mafunzo, uliza kama mlango uko wazi kwako. Mara nyingi shida huwa ni kwamba hakuna aliyeuliza.

KAMA WEWE NI MFUGAJI

Wewe huwezi kuwa mwanachama. Lakini unaweza kulifanya tawi lifanye kazi, na hivi ndivyo tunavyoshauri.

Njia rahisi ni kupitia kikundi. Tawi haliwezi kuitikia boma moja moja, lakini litasikia barua ya ushirika wa maziwa, chama cha akina mama, shule, kanisa au msikiti. Barua iwe fupi: nyinyi ni nani, mko wapi, mna ng'ombe, mbuzi na mbwa wangapi kwa makadirio, na mnataka nini hasa. Ukiandika "tunaomba msaada wa mifugo", hujasema kitu. Ukiandika "ng'ombe wetu wanapata ugonjwa wa matiti kila msimu wa mvua, tunaomba somo la ukamuaji safi", umempa mtu kazi anayoweza kuifanya.

Nakala ya barua hiyo mpelekee daktari wa mifugo wa kaunti ndogo. Si adabu tu: chanjo za magonjwa makubwa husimamiwa na serikali, na hakuna chama kinachoweza kuingia kijijini kuchanja bila kaunti kujua.

Kuna siku mbili za kuweka kwenye kalenda. Ya kwanza ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Aprili, ambayo ni Siku ya Madaktari wa Mifugo Duniani. Imeadhimishwa tangu mwaka 2000, na hapa kwetu chama huitumia siku hiyo na zile zilizo karibu nayo kwa kongamano la mwaka, na mara nyingi kwa matibabu na chanjo za bure kwa jamii. Ya pili ni tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ukitaka eneo lako likumbukwe, barua ifike miezi miwili au mitatu mapema. Chanjo huagizwa, na lazima ihifadhiwe kwenye baridi tangu inapotoka hadi inapodungwa.

Kuhusu kichaa cha mbwa tuongeze neno, kwa kuwa hapa ni uhai wa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya binadamu wanaopata ugonjwa huu huupata kutoka kwa mbwa, na kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Kenya ilianza mpango wake wa kuumaliza mwaka 2014, na lengo ni kufikia mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa cha mbwa. Asilimia 70 haifikiwi na madaktari peke yao. Inafikiwa mtoto anapomleta mbwa kwa kamba, na mzee wa nyumba kumi anapopita boma kwa boma kuwakumbusha watu. Na kama mtu ameshaumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Siku ya chanjo au matibabu ikifika, wenyeji nao wana kazi. Tafuteni mahali penye kivuli na maji. Kwa ng'ombe, hakikisheni kuna kizimba imara cha kuwakamatia, maana daktari akivunjwa mbavu na fahali asubuhi, kazi ya siku imeisha. Mbwa wawe mbali na mbuzi. Teueni watu wawili wenye mwandiko mzuri wa kuandika majina. Na ulizeni mapema, mbele ya watu wote, ni kipi cha bure na ni kipi cha kulipia. Tumeona siku nzuri zikiharibika saa sita mchana kwa sababu ya shilingi hamsini ambazo hakuna aliyezitaja mapema.

Mwisho, tumieni mikutano hiyo kusema mnachokiona. Mfugaji wa Garissa aliona mimba zikitupwa kabla ya ofisi kujua. Hata wewe unaona mambo. Kama kondoo wa majirani watatu wametupa mimba wiki moja, hiyo ni habari ya kumpa daktari.

MAMBO YA KUTOTARAJIA

Tuseme ukweli pia ili baadaye asilaumiwe mtu. Chama cha wataalamu hutetea wanachama wake. Kitazungumza kuhusu mishahara yao, kupandishwa vyeo kwao, na kaunti zisizoajiri madaktari wa kutosha. Hiyo ni haki yao. Wakati mwingine maslahi yao na yako yanakwenda pamoja: kaunti ikiajiri daktari zaidi, wewe unafaidika. Wakati mwingine hayaendi pamoja, kwa mfano kwenye bei ya huduma.

Pia usitarajie mwenyekiti wa tawi amhukumu mwanachama mwenzake. Anaweza kukushauri, anaweza kuwapatanisha, lakini malalamiko mazito ni ya Bodi. Andika tarehe, mahali, jina la mtu na namba yake, kilichofanyika, na dawa iliyotumika. Tunza chupa na pakiti, na upige picha. Na tafadhali, usifute ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe ule ndio risiti yako. Una jina, una saa, una kiasi.

Bora zaidi, uliza kabla ya sindano. "Daktari, samahani, naomba kuona leseni yako ya mwaka huu." Wengi wetu tunaona haya kuuliza, hasa ng'ombe akiwa chini na moyo ukidunda. Mgeni wetu studioni alituambia kwamba mwenye leseni hakasiriki. Na yeyote atakayekutibia, muulize dawa inaitwaje na maziwa yamwagwe kwa siku ngapi. Siku hizo zimeandikwa kwenye chupa. Ukipeleka maziwa yenye dawa kiwandani, yatakataliwa, na ukiwapa watoto, utawafundisha vijidudu kuizoea dawa hiyo hiyo ambayo siku moja mtoto ataihitaji hospitalini.

TUMALIZE NA MAMA WA NJORO

Tulimpigia mama tena kabla ya kuchapisha makala haya. Ng'ombe hatarudi. Ndama yuko hai, ananyweshwa maziwa ya jirani. Ujumbe wa M-Pesa bado anao, na malalamiko yake ameyaandika kurasa mbili kwa msaada wa binti yake wa kidato cha tatu. Ya Bodi ameituma. Nakala nyingine ameiacha kituo cha polisi. Yule mtu wa pikipiki, anasema, simu yake siku hizi haipokelewi.

Amefanya jambo jingine. Kikundi chao cha akina mama 23 kimeandika barua kwa tawi la madaktari, nakala kwa kaunti, kikiomba mafunzo ya siku moja juu ya ng'ombe anayekaribia kuzaa na aliyezaa. Kabla ya kuituma walitusomea. Inasema wana ng'ombe 31, saba kati yao watazaa kabla ya Krismasi, mahali ni uwanja wa shule ya msingi, kivuli kipo, na chai watapika wao.

Barua haijajibiwa bado. Ikijibiwa tutawaambia hewani, na isipojibiwa tutawaambia pia.